Makochi ya Jirani

4 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Umeacha kuinamia cherehani mpaka giza liingie, au bado ni mbishi? Sisi huku hatujambo. Mama Kasuku anakusalimu sana. Kasuku mwenyewe amesema nikwambie ameng'oka jino la mbele na hataki tena kucheka mbele za watu.

Mama, ningepiga simu, lakini simu yako tunaipigia dukani kwa jirani, na haya si maneno ya kusikilizwa na kila anayekuja kununua sabuni. Mwezi wa kumi na mbili wakaguzi wa uhamiaji waliingia kwenye jengo tunalojenga. Nilikuwa bafuni, ghorofa ya tatu, nimepiga magoti napanga vigae vya ukutani. Wenzangu wenye makaratasi walitoa makaratasi, mimi nikatoa jasho. Niliwaomba waniache nimalizie mstari kwa sababu gundi ilikuwa inakauka, na mmoja wao akanisubiri kweli. Nilipomaliza wakanichukua.

Usishtuke. Walinishikilia siku chache, wakaniachia, na sasa naripoti ofisini kwao kila Jumatatu huku kesi yangu iko kwa jaji. Miaka yote nimekuwa nikikuandikia kwamba makaratasi yangu yanashughulikiwa, na wewe hukuniuliza yanashughulikiwa na nani. Kibali changu kiliisha zamani, mama, nikabaki hivyohivyo. Mke wangu ana kibali chake cha kazi na mtoto amezaliwa hapa. Ni mimi tu.

Wakili anasema njia ipo. Sheria ya huku inamruhusu mtu aliyekaa miaka mingi bila kosa lingine, na mwenye mtoto aliyezaliwa hapa, aombe kubaki. Jaji atamtazama mtoto: baba yake akirudishwa, maisha ya mtoto yatakuwaje. Unajua habari za masikio ya Kasuku. Kile kifaa walichompandikizia nyuma ya sikio kinahitaji kurekebishwa na wataalamu kila baada ya muda, na shule anayosoma ni ya watoto kama yeye. Kwa hiyo wakili anahitaji vitu viwili kutoka kwako: picha za nyumba yetu, nje na ndani, na barua ya kumweleza jaji hali ya nyumbani ilivyo, yenye kiapo na mhuri. Vitumwe moja kwa moja ofisini kwake, anwani nimeiandika nyuma.

Naona haya kukuomba jambo hili. Naona haya kwamba watu wasiokujua watatazama unapolala. Lakini sina mwingine wa kumwomba.

Mwanao


27 Februari

Kwako baba yangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo ni wangu na cherehani ni yangu, tuache tugombane wenyewe. Mwambie Kasuku kwamba marehemu babu yake alinioa akiwa na pengo la mbele, na siku ya harusi alicheka kutwa nzima.

Kuhusu hayo ya kukaa bila kibali na kunificha, nitakugombeza siku nyingine. Nililia kidogo, nikaosha uso, nikaanza kazi.

Juu ya jaji ondoa wasiwasi. Hawezi kusema umetoka kwa watu ovyo. Nyumba nimeipaka rangi, upande wa mbele wote na sebule, rangi ya maziwa. Ukuta wa nyuma nimeuacha kwa kuwa picha haifiki huko. Mke wa mwenye duka ameniazima makochi yake, yale ya kahawia ambayo hata watoto wake hawaruhusiwi kukalia, na jokofu, na zulia. Vilibebwa na vijana mchana kweupe, mtaa mzima ukajua nina mgeni mkubwa. Walipouliza ni nani nikasema ni jaji. Sikusema jaji yuko wapi.

Mapazia nimeshona mwenyewe. Mpiga picha alipiga mara ya kwanza ndoo ikaonekana pembeni, nikamrudisha. Nikamwambia hii ni kesi ya mwanangu, si picha ya kitambulisho. Mara ya pili nikaona nimekunja uso, nikamrudisha tena. Siku hizi akiniona njiani anavuka barabara.

Barua ya jaji nimeiandika kwa mkono wangu. Nimemwambia umetoka katika nyumba ya heshima, chumba chako kipo kama ulivyokiacha na kitanda kimetandikwa, na mjukuu wangu akija hatakosa kitu. Nimemwambia hospitali si mbali na shule ni nyingi. Mwishoni nimeandika kwamba mwanangu si mtu wa kuokotwa, ana kwao na kwao wanamngoja. Hapo najua atakuheshimu. Mtu akijulikana ana kwao hafukuzwi kama mbwa aliyeingia jikoni. Nimeipeleka kwa yule wakili wa hapa kwetu mwenye mhuri, nikaapa, akaigonga.

Makochi yameshachukuliwa na mwenyewe. Nimebaki na mapazia, na sebule inanukia rangi hata chai siisikii ladha. Mpe mkwe wangu salamu zangu, mwambie asikonde kwa mawazo, mambo yako mkononi mwangu.

Mama yako


2 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini uko salama na harufu ya rangi imeisha. Sisi tunaendelea. Kasuku ameanza kucheka tena baada ya kusikia habari za pengo la babu yake.

Barua yako niliipata siku chache kabla ya kesi. Niliisomea kwenye basi, nikacheka peke yangu mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Nilipofika kwenye barua ya jaji nikaacha kucheka. Nilishuka kituo kilichofuata nikakimbilia ofisini kwa wakili. Nikakuta katibu ameshapeleka kila kitu mahakamani, na nakala kwa wakili wa serikali, maana ndivyo utaratibu ulivyo. Barua yako ilifasiriwa na mtu wa nje na wakili wangu alikuwa hajaisoma. Ana kesi nyingi. Kitu kikishaingia mahakamani hakitoki.

Chumba cha mahakama ni kidogo, hakina dirisha, kina saa inayopiga kelele. Wakili wa serikali ni mwanamke mpole, ana sauti ya mwalimu wa watoto wadogo. Aliinua picha ya sebule kila mtu akaiona. Akasema nyumba ni nzuri, chumba kipo, bibi anawasubiri kwa hamu, hospitali si mbali. Akasema mtoto anaweza kwenda na baba yake na hatapata taabu yoyote ya ajabu. Kila alichosema alikuwa anakisoma kutoka kwenye barua yako. Kisha akanigeukia, mkalimani akanitafsiria:

"Haya ni makochi ya nyumbani kwenu?"

Nilikuwa nimeapa, mama. Wakili wangu ananitazama. Ilikuwa niseme tu kwamba ni ya jirani. Lakini ningewaambiaje watu wale, waliokaa na suti zao, kwamba mama yangu ameazima makochi ili apige picha? Nilinyamaza mpaka jaji akaniuliza kama nimesikia swali. Nikasema nimesikia. Nikanyamaza tena.

Jaji ameahirisha mpaka Agosti na amesema tunaweza kuleta ushahidi mwingine. Sasa nisikilize. Kosa ni langu, si lako. Nilikuandikia "hali ilivyo" kwa sababu niliona haya kuandika wanachokitaka hasa. Wanachotaka ni shida zetu. Wanataka kuona kwamba Kasuku akija huko hakuna pa kumweka wala mtu wa kumhudumia masikio. Nyumba ikiwa mbaya, ndipo mimi ninapopata nafasi ya kubaki. Sikuweza kumwandikia mama yangu maneno hayo, na sasa nimeyaandika.

Wakili anaomba uape upya. Useme makochi yalikuwa ya kuazima, ueleze hali ya kweli, na utume picha bila kupamba kitu. Nisamehe kwa kukuomba mara ya pili.

Mwanao


25 Mei

Baba,

Marahaba. Mzima. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikujua nijibu kama mama yako au kama yule mjinga aliyepaka rangi nyumba.

Barua yako nimeificha chini ya godoro kama msichana aliyeandikiwa na mchumba. Mke wa mwenye duka ananiuliza kila nikipita, kesi ya mwanao vipi, jaji ameyapenda makochi? Namwambia ameyapenda.

Siwezi, mwanangu. Kalamu nimeishika mara nyingi. Nikifika pale pa kusema mwanangu na mtoto wake hawana pa kulala kwangu, mkono unakataa. Nimekuzaa mimi. Hata kuku haapi hivyo kwa vifaranga wake. Halafu niende kwa yuleyule mwenye mhuri nikamwambie niliyoapa mwezi wa pili yalikuwa uongo? Watoto wake wote nimewashonea sare. Ananiita mama.

Nalala nikiiona ile picha imeinuliwa na watu wanaitazama. Nilikuwa nimevaa gauni langu la harusini. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Ungesema tu ni ya jirani. Mimi ningejuaje kama umesema? Usinikasirikie.

Mama yako


18 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na usingizi. Natumaini barua hii itakukuta umetulia kidogo, maana mimi sijakasirika hata chembe. Ningekasirika vipi na mtu aliyepaka rangi nyumba kwa ajili yangu?

Usiandike. Tumeongea na mama Kasuku na tumekubaliana usiandike. Siku ikifika nitamwambia jaji mwenyewe: makochi ni ya jirani, mama yangu ni fundi wa sare za shule, mzee, anaishi peke yake. Wakili anasema baada ya ule ukimya wangu maneno yangu hayana uzito, wataniuliza kwa nini sikusema mara ya kwanza. Hilo ni langu, nitajua la kujibu. Chumba changu kipo, na hilo nitaliapia pia, kwa kuwa ni kweli na sitaki kudanganya tena.

Kasuku anajua kuna jambo. Juzi kifaa chake kiliharibika asubuhi, ikabidi tusubiri wataalamu mpaka jioni. Siku kifaa kikiwa hakifanyi kazi haongei kabisa, yeye ambaye jina hili la Kasuku amelipata kwa kuongea kutwa kama redio. Anakuja anaweka kiganja kwenye koo langu ili ajue naongea. Nilikuwa namsimulia habari zako, na yeye ameshika koo, ananitazama mdomo. Walipokitengeneza, kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama nitakuwepo kikiharibika tena. Nikamwambia nitakuwepo. Huyo nimeshamdanganya, au sijamdanganya, itajulikana Agosti.

Wewe tunza mgongo wako. Yaliyobaki tuachie sisi.

Mwanao


9 Julai

Baba yangu,

Marahaba. Mimi mzima, na nimeshafanya.

Ulipoandika kwamba utaapa chumba chako kipo, niliona siwezi kukaa kimya. Ungeapa uongo bila kujua, na uongo wenyewe ni wangu. Chumba chako kina mpangaji. Ni mwaka wa tatu sasa. Ni mwalimu, mstaarabu, kosa lake ni redio tu. Chumba changu paa linavuja juu ya kitanda, kwa hiyo nimehamia sebuleni, nalala kando ya cherehani. Jicho la kushoto limeingia ukungu, na la kulia linachoka upesi. Sare hazishonwi tena na mimi, anashona binti niliyemfundisha, mimi napiga pindo kwa kupapasa. Hayo yote sikukuandikia. Nilikuwa nakuandikia kwamba kazi ni nyingi.

Nilianza na mke wa mwenye duka, kwa kuwa ndiye niliyemdanganya karibu zaidi. Nikamwambia jaji hakuyapenda makochi. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akafunga duka. Nikamweleza yote. Hakusema neno la kuniumiza. Alisema tu, kumbe ungenieleza mapema ningekuazima shida. Hapo nikacheka na mimi.

Mpiga picha alikuja kwa shingo upande. Nikamwambia leo piga ndoo. Akauliza aisogeze kwenye mwanga, nikamwambia iache ilipo. Akapiga ndoo, akapiga paa, akapiga godoro langu na cherehani, akapiga ule ukuta wa nyuma. Nilimwona anataka kuniambia nitabasamu, kwa mazoea yake, akajizuia. Majirani walisimama mlangoni. Mara ya kwanza walisimama hivyohivyo nikiwa na gauni langu, na nilifurahi wanione. Safari hii niliomba ardhi ipasuke.

Kwa mwenye mhuri palikuwa na watu kwenye benchi na mlango wake haufungiki. Aliziweka barua mbili mezani, nakala ya ile ya zamani na hii ya sasa, akazisoma, akavua miwani.

"Mama, ya kweli ni ipi?"

Nikamwambia ni hii ya leo. Akasema basi ile uliniapia uongo. Nikasema ndiyo, nilikuapia uongo. Kwenye benchi waliacha kuzungumza. Aligonga mhuri bila kunitazama, na aliponipa karatasi hakuniita mama. Tangu siku hiyo nikienda sokoni nazungukia njia ya mbali ili nisipite pale.

Nimeapa kwamba mwanangu na mtoto wake hawana mahali pa kulala katika nyumba yangu, na kwamba mimi sina macho wala uwezo wa kumtunza mtoto mwenye mahitaji yake. Niliandika upesi kama mtu anayemeza dawa chungu. Nimekufungia mlango kwa mkono wangu ili wao wasikufukuze. Kama kuna mama mwingine aliyewahi kuapa hivyo ningependa nikae naye siku moja.

Mwambie wakili karatasi ziko njiani, na safari hii azisome. Usinionee huruma, aibu niliyoiona inanitosha. Wewe shinda tu.

Mama yako


14 Septemba

Kwako mwanangu,

Habari za huko? Mimi mzima. Mvua imeanza mapema.

Najua kesi ilikuwa mwezi uliopita, na najua mambo ya mahakama hayana haraka. Sitaki kukusumbua. Ila karatasi zangu zilifika? Mwenye posta ananiambia zilifika lakini yeye kila kitu anasema kimefika.

Nilisahau kukwambia, mpangaji ananisomea barua zako siku hizi kwa sababu ya jicho. Kwa hiyo andika vizuri, mwandiko wako anaulalamikia.

Mama yako


22 Novemba

Baba,

Hamjambo? Nimejaribu simu. Mke wa mwenye duka ameipiga mara nyingi, inaita mpaka inachoka.

Kama umeshindwa, niambie umeshindwa. Kama ni ile barua yangu ya kwanza ndiyo iliyoharibu, niambie pia. Nitavumilia. Andika hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunilaumu.

Mama


11 Januari

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Natumaini u mzima, ingawa sina haki ya kutumaini kitu kwa ukimya niliouweka.

Nimeshinda, mama. Jaji ameniruhusu nibaki. Hukumu ilikuja kwa posta mwezi wa kumi. Kwanza nilikuwa nasubiri hukumu ndipo nikuandikie. Baada ya hapo ni aibu tu, na kila wiki ikipita inakuwa kubwa zaidi. Namba ya dukani ikitokea kwenye simu nilikuwa naitazama inaita. Mama Kasuku alinigombeza, nikamwambia kesho. Nikamwambia kesho mpaka mwaka ukaisha.

Nikueleze ilivyokuwa. Agosti waliisoma barua yako kwa sauti. Wakili alitaka isomwe yote kwa Kiswahili kwanza, halafu mkalimani aitafsiri. Mkalimani ni mzee mmoja, amesoma mambo ya watu miaka mingi, anasoma kama anayesoma bei za vitu. Alipofika kwenye kupiga pindo kwa kupapasa alisimama akaomba maji. Kasuku alikuwa amekaa na mama yake nyuma, anasikia kila neno. Aliniuliza baadaye kama bibi anaona giza. Wale wenye suti walitazama picha ya godoro lako. Yule wakili wa serikali aliiangalia akaifunika kwenye faili na hakuuliza swali tena.

Tulipotoka, wakili wangu alinishika mkono kwa furaha, akasema ile picha ya ndoo ndiyo iliyotuokoa. Alikuwa ananipongeza. Mimi niliingia chooni nikakaa humo mpaka mama Kasuku akaja kugonga. Katika hukumu umeandikwa, mama. Imeandikwa kwamba mama wa mwombaji anaishi katika hali ya dhiki. Nimeshinda kwa sababu ya dhiki yako, ambayo mimi mwanao nimeijua siku moja na jaji. Miaka mitatu mpangaji yuko chumbani kwangu na mimi nakuandikia habari za vigae. Sijawahi kukuuliza unaonaje. Nilikuuliza mgongo tu, kwa kuwa ndio niliouzoea.

Kila nikishika kalamu kusema asante naona niko kama mtu aliyemvua mama yake nguo barabarani halafu anamshukuru kwa koti. Ndiyo maana nilinyamaza. Sijui kama unaweza kunielewa.

Bado siwezi kusafiri, kuna karatasi nyingine za kusubiri. Niruhusu nitengeneze paa na nikupeleke kwa daktari wa macho. Ukikataa nitaelewa.

Mwanao


2 Februari

Kwako baba yangu,

Marahaba. Sote wazima. Mpangaji aliponisomea neno "nimeshinda" nilimwambia alirudie, akalirudia, nikamwambia tena. Mke wa mwenye duka alipiga vigelegele wateja wakadhani wamepunguziwa bei. Nimefurahi, mwanangu. Mwambie Kasuku bibi hajaona giza, ni ukungu tu, na sauti yake naisubiri kwenye simu. Nimefurahi sana, na sasa nakugombeza.

Unajua nilidhani nini miezi yote hii? Nilidhani wamekurudisha. Nilidhani umeshushwa huku, uko mji fulani, unalala popote, na huji kwangu kwa sababu niliapa huna pa kulala. Kila aliyepiga hodi jioni niliinuka nikidhani ni wewe umesimama nje unaona haya kuingia. Mwezi wa kumi na moja nilimwuliza mpangaji kama anaweza kuhama haraka nikimwomba. Akasema anaweza. Masikini alianza hata kufunga vitabu vyake. Wewe huko umeshinda, unaitazama simu inaita.

Mahakamani ulinyamaza kunisitiri, hilo nimelisamehe, tena lilinifurahisha kidogo ingawa lilituponza. Kwangu unanyamazia nini? Mimi nimesimama mbele ya benchi zima la watu na jicho langu moja nikasema nilikuwa mwongo. Baada ya hapo nilitegemea barua. Aibu hiyo niliitoa mwenyewe kwa hiari yangu, ni mali yangu, usiichukue ukaenda kujifungia nayo chooni. Mwenye mhuri alikuja wiki iliyopita kuleta kaptula za wajukuu zake zipunguzwe, akaniita mama kama zamani. Kumbe yeye alishasahau, ni mimi niliyekuwa nazunguka njia ya mbali bure.

Paa utatengeneza, sitakudanganya kwamba sihitaji. Daktari wa macho pia nitakwenda, mke wa mwenye duka atanishika mkono.

Lakini kuna jambo limenikaa tangu nisomewe barua yako. Unasema umeona haya kwa kutojua ninavyoishi. Na mimi najua nini? Miaka yote picha zako ni wewe na koti, wewe bustanini, wewe umeegemea lile gari jekundu. Nimezipanga zote juu ya cherehani, mpangaji akanielezea moja moja. Hakuna hata moja yenye kitanda. Hakuna yenye jiko. Nilikuwa nazionyesha mtaani, naringa. Sasa mimi ni mtu niliyewahi kupiga picha na makochi ya watu, kwa hiyo nakuuliza kwa upole: lile gari ni la nani?

Kwa hiyo fanya hivi. Piga picha ya mnapolala, wewe na mkwe wangu na mtoto. Usifagie kwanza. Kama nguo zimeanikwa ndani ziache kwenye kamba. Kama mnalala watatu kitanda kimoja, au uko chini sakafuni, piga hivyohivyo, na uniandikie ulichokuwa unanificha kama mimi nilivyokuandikia. Mimi si jaji, sina cha kukuhukumu. Mpangaji ataniambia kilichomo, nami nitaisogeza karibu na jicho zima. Nataka tu kujua mwanangu analala wapi.

Mama yako